Kaye moja na mishumaa miwili: kujielimisha ukiwa Lac Vert

Asubuhi moja, kwenye njia inayotoka Lac Vert kwenda Bulengo, nilikuta watu watatu wamesimama ukingoni mwa kibonde cha mawe ya lava. Chini, kwenye majani, mwanambuzi alikuwa amelala ubavu. Hana jeraha, hana damu, macho wazi. Hatua mbili pembeni yake walikuwapo ndege wawili wadogo, nao wamekufa. Mama mwenye mbuzi hakushuka kumchukua. Alingoja. Jua lilipopanda na upepo wa ziwa ukaanza kupiga, kijana mmoja akasimama palepale juu, akamvuta mnyama kwa mti mrefu bila kukanyaga bondeni. Nikauliza: "Mama, juu ya nini munangojea?" Akajibu bila kugeuka: "Mazuku, mutoto wangu. Asubuhi iko na nguvu sana."

Mama yule alijua mambo ambayo mtaalamu angehitaji vyombo kuyathibitisha: kwamba kinachoua hakionekani, kwamba hukaa chini, kwamba asubuhi huzidi, na kwamba jua na upepo hukipunguza. Kilichobaki ni swali la kwa nini.

Nakuandikia wewe unayeishi Lac Vert, Mugunga, Keshero au kartie nyingine yoyote ya Goma, unayetaka kuwa mtu wa maarifa mapana na huna ada ya chuo, au chuo umekimaliza na bado unaona kichwa chako kimejaa majina ya masomo bila kuijua dunia yenyewe. Ushauri wangu ni huu: usianze na orodha ya vitabu. Anza na swali moja unaloweza kulifikia kwa miguu, kisha lifuate popote linapokwenda, hata likikuvusha kutoka somo moja hadi jingine na kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwenye kuchagua "kujifunza kemia" huchoka ukurasa wa kumi. Anayetaka kujua kilichomuua mbuzi wa jirani hufika kwenye kemia akiwa na njaa nayo.

Nunua kaye, ile ya kawaida ya mwanafunzi. Kurasa za kushoto ziwe za ulichokiona kwa macho yako, za kulia ziwe za ulichosikia au kusoma. Usizichanganye hata siku moja. "Mwanambuzi amekufa kibondeni, saa moja asubuhi, hakuna upepo" ni ya kushoto. "Mazuku ni pepo" ni ya kulia. Na hapa wengi hukosea: "mazuku ni hewa ya ukaa" nayo ni ya kulia, hata kama umeisoma katika kitabu cha profesa, mpaka utakapokuwa na sababu yako mwenyewe ya kuikubali. Kila mstari uwe na tarehe na mahali, na wa kulia uwe pia na jina la aliyekuambia au la kitabu. Utaona ni kazi ya bure kwa wiki mbili za kwanza. Baada ya miezi sita utakuwa na kitu ambacho hakipo katika maktaba yoyote.

Kabla ya kufungua telefoni, waulize watu. Nenda kwa mzee aliyelima pale kabla nyumba hazijafika, au kwa mvuvi, au kwa mama anayechunga. Salimia, kaa chini, zungumza mambo ya nyumbani kwanza. Kisha uliza alichokiona, usiulize anachofikiri. "Papa, mara ya mwisho mulimuona mnyama amekufa pale ilikuwa lini? Mvua ilikuwa imenyesha? Ilikuwa saa ngapi?" Ukiuliza "mazuku ni nini", utapewa maelezo. Ukiuliza lini na wapi, utapewa ushahidi. Akikuambia ni pepo, usimbishie na usicheke. Andika. Chini ya maelezo yale kuna uangalizi wa miaka arobaini kuhusu bonde gani ni baya na lipi ni salama, na uangalizi huo ni wa kweli.

Sasa leta swali nyumbani. Tafuta sufuria yenye kina, mishumaa miwili (buji, kama tusemavyo hapa), bikaboneti kidogo ile ya kupikia, na malimau mawili au siki. Kata mshumaa mmoja ubaki mfupi kama kidole gumba, mwingine uache mrefu kiasi cha kukaribia mdomo wa sufuria. Isimamishe yote miwili ndani, nyunyiza vijiko vitatu vya bikaboneti chini kuizunguka, washa. Funga madirisha upepo usipite. Kisha mimina maji ya limau taratibu kando ya sufuria, povu lisiguse moto. Angalia.

Mshumaa mfupi unalegea, moto wake unapungua, unazimika. Ule mrefu bado unawaka. Ongeza limau: nao unazimika. Hakuna aliyepuliza, hakuna maji yaliyogusa utambi. Ndani ya sufuria imejaa hewa usiyoiona, nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, iliyokaa chini kama maji yanavyokaa bakulini. Ndiyo hewa ya ukaa. Sufuria yako ni kibonde cha Lac Vert. Mshumaa mfupi ni mwanambuzi, mrefu ni mama aliyesimama. Mimi nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, maana nilielewa kwa nini mbwa na watoto wadogo hutangulia, na kwa nini mtu mzima anayeinama kufunga kamba ya kiatu anaweza asiinuke. Andika kwenye ukurasa wa kushoto. Umekiona.

Jaribio hilo lifanye jikoni tu. Usiende kulijaribu bondeni, na usijipime kwa mwili wako. Hewa tunayovuta kila siku ina hewa ya ukaa kiasi cha 0.04 tu katika kila sehemu 100. Ikizidi sehemu 10, mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache, na kwenye mazuku huzidi hapo. Ukiona mtu ameanguka kibondeni, usikimbilie kumvuta kwa kushuka, kwa sababu wengi wamekufa hivyo, mwokoaji juu ya anayeokolewa. Tumia kamba, mti mrefu, na watu waliosimama juu. Nimeliweka hili hapa, katikati ya habari za kujisomea, kwa makusudi: katika mji huu elimu ya namna hii ni ya kuishi.

Baada ya hapo fungua telefoni. Andika neno moja tu: mazuku. Utashangaa. Neno tunalolitumia kuwatisha watoto wasicheze bondeni ni neno la kisayansi. Watafiti wa Ubelgiji, Italia na Kongo wameliandika katika majarida yao kama lilivyo. Mwaka 2010 jarida la Journal of African Earth Sciences lilichapisha utafiti mzima juu ya mazuku ya eneo la Goma na hatari zake, na upande wa magharibi wa mji, huku kwetu, ndio wenye mengi. Hapa Goma kwenyewe kuna Observatoire Volcanologique, kituo cha kuchunguza volkano kilichoanzishwa 1986, ambayo wataalamu wake wa Kikongo majina yao yamo katika karatasi hizo. Kwa hiyo usiingie katika kusoma kama mgeni anayebisha hodi. Neno ni lako, mlango umefunguliwa na watu wa kwenu.

Karatasi ya kisayansi isikutishe. Usiisome kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho kama riwaya. Soma muhtasari, kisha ramani na picha, kisha aya za mwisho. Ramani hasa: kaa nayo, tafuta njia unayopita kila siku, tia alama. Mengine yaache mpaka utakapoyahitaji. Neno usilolijua lipigie mstari, lakini usisimame kwa kila neno, tafuta yale tu yanayorudi mara tatu au nne. Kisha funga, na uandike sentensi tano kwa Kiswahili, bila kuchungulia. Kifaransa cha shule kina hatari yake: unaweza kurudia sentensi nzuri usiyoielewa. Ukishindwa kuisema kwa Kiswahili cha nyumbani, hujaielewa bado, rudi. Na karatasi ikiwa inauzwa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi, ujitambulishe na useme unaishi Lac Vert. Watafiti wengi hufurahi kutuma nakala bure kwa mtu anayeishi juu ya kitu wanachokichunguza.

Kutoka hapo swali litaanza kutembea lenyewe, na kazi yako ni kulifuata bila woga.

Hewa ile inatoka wapi? Inapanda kutoka kwenye miamba iliyoyeyuka chini yetu, kupitia nyufa, na kutuama kwenye mabonde ya lava. Je, inatokea nchi kavu tu? Hapana, na hapa swali linakupeleka ziwani. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na chini kabisa limebeba kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na kama 60 za methani, zilizoyeyuka ndani ya maji na kushikiliwa na uzito wa maji ya juu. Je, kuna ziwa lililowahi kuiachia hewa hiyo? Sasa uko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilipotoa wingu la hewa ya ukaa lililoteremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 usingizini. Ni mazuku yaleyale, katika kipimo kingine. Na methani? Nchini Rwanda ilianza kutumika 1963 kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi, ng'ambo ya mpaka tu, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt kule Kibuye unatengeneza nayo umeme, megawati 26. Ulianza na mbuzi, na sasa unaweza kukaa mezani na mhandisi mkaelewana.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye sahani. Nenda Kituku asubuhi, mitumbwi inapoleta sambaza, wale samaki wadogo. Chukua mmoja mkononi. Fedha ubavuni, mwembamba, mfupi kuliko kidole cha kati. Uliza akina mama wanaouza: sambaza wametoka wapi? Watakujibu "ziwani", na ni kweli. Ila hawakuwamo humo tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuyatumia. Maana yake ni kwamba katika Goma bado wapo wazee waliozaliwa kabla ya sambaza. Watafute, waulize walikula nini na ugali. Kisha uliza kwa nini wavuvi wanawasha taa usiku, na kwa nini nyavu hazishuki hata mita mia moja. Jibu la pili litakurudisha kulekule: chini ya mita 60 hivi oksijeni inakwisha, samaki hawawezi kuishi, na maji yale ya chini yasiyochanganyika na ya juu ndiyo yanayoshikilia ile hewa. Sambaza na mazuku ni hadithi moja. Siku nilipoliona hilo sikulala mapema.

Sitakuficha kwamba mahali hapa pia panauma. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Goma na Mugunga, na kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache. Kuna sababu nyingi, na mojawapo iko chini ya miguu yako: lava haichimbiki, si kwa choo, si hata kwa kaburi, na mvua inazama ndani yake bila kuacha mto, hivyo watu wote walikimbilia maji ya ziwa. Ukilifuata swali hilo utafika London ya 1854, kwa daktari John Snow, aliyewafuatilia wafu nyumba kwa nyumba mpaka wakamwonyesha pampu moja ya maji, kisha akawachora kwenye ramani. Utaelewa kwa nini kijana anayekuwekea klorini kwenye bidoni kando ya ziwa anafanya kazi kubwa. Na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za waliohama makwao, za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, watoto wakiwamo. Ukiandika historia ya kartie yako, hayo nayo yaandike, kwa tarehe na kwa usahihi uleule unaotumia kwa mbuzi na samaki.

Usahihi huo una faida ya haraka katika mji wa uvumi. Kumbuka Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, lava ikasimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Kisha matetemeko siku nzima, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, kartie 10 kati ya 18. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro na chukudu. Katika telefoni kila mtu alikuwa na sauti iliyorekodiwa ikisema ziwa litalipuka saa fulani. Mtu mwenye kaye angefanya nini? Kwanza angehama, kwa sababu amri ile ilikuwa na sababu na roho haina akiba. Lakini barabarani angeuliza: sauti hii ni ya nani? Nani amepima, kwa chombo gani, lini? Angekumbuka kwamba tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani kabisa, watu wakaogopa jambo hilohilo, na wapimaji walipokwenda baadaye wakakuta maji ya chini hayakuvurugika. Hilo halithibitishi kwamba haitatokea kamwe. Linampa mtu mahali pa kusimama akifikiri.

Kwa hiyo habari yoyote inayokugusa itafutie mashahidi watatu, na hakikisha hawakunakiliana. Tovuti kumi zenye sentensi moja ni shahidi mmoja. Namba zikitofautiana, usikasirike: andika zote, na uandike nani alisema ipi. Ukiona kitabu cha zamani kinapingana na kipya, jiulize nini kilipimwa upya katikati.

Kuhusu vyombo nitasema machache. Mega zinakula pesa na umeme unakatika, basi ukipata mtandao mzuri siku moja, pakua programu ya Kiwix na Wikipedia ndani yake, ya Kiswahili kwanza kwa sababu ni nyepesi, kisha ya Kifaransa ukiwa na nafasi kwenye kadi. Ukishaipakua unaisoma bila mtandao, na unaweza kumpa jirani kwa kadi au kwa Bluetooth bila kulipa hata faranga. Maktaba za vyuo vya hapa ni za wanafunzi, lakini ukienda kwa adabu, na swali lako limeandikwa wazi kwenye karatasi, mara nyingi mwenye maktaba atakusaidia kuliko unavyodhani. Swali lililoandikwa hufungua milango kuliko barua ya utambulisho.

Na usisome peke yako. Tafuta watu watatu au wanne, mkutane Jumapili baada ya misa au ibada, kila mmoja aeleze ukurasa mmoja wa kaye yake kwa dakika kumi, wengine waulize. Waalike wasiosoma pia. Swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa lilitoka kwa mama anayeuza makala, yaani mkaa: "Kama hewa ile ni nzito, juu ya nini haijazi bonde lote hata kutufikia nyumbani?" Ilinichukua wiki mbili. Jibu lilikuwa upepo, jua, na kiasi kinachotoka kwa siku, na nilipolipata nilijua kwamba mwanzoni nilikuwa nimekariri tu.

Nimeacha Lac Vert yenyewe mwishoni, kwa sababu ndiyo kazi ninayotaka uifanye. Ni kasoko, shimo la volkano lililojaa maji, na kuta zake ni majivu yaliyogandamana. Kilima cha Mont Goma pale bandarini ni ndugu yake: vyote viwili vilizaliwa pale miamba ya moto ilipokutana na maji na kupasuka kwa nguvu. Maji ya Lac Vert ni ya kijani, wakati ya Kivu, hatua chache tu ng'ambo ya ukuta huo, ni ya buluu. Je, kijani hicho hubadilika kati ya kiangazi na mvua?

Kuna njia ya kupima. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, aliteremsha kisahani cheupe baharini na kuandika kina ambacho macho yalikipoteza. Wapimaji wa maziwa wanatumia kisahani hicho mpaka leo. Wewe chukua sahani nyeupe ya plastiki, itoboe, ifunge jiwe chini na kamba juu, na kamba ipigwe fundo kila nusu mita. Nenda adhuhuri, siku yenye upepo, kama usalama unaruhusu, pamoja na mwenyeji anayejua mabonde ya kuepuka. Mtakapofikia maji yenye kina, teremsha mpaka sahani ipotee machoni. Hesabu mafundo. Pandisha mpaka ionekane tena, hesabu tena, chukua namba ya katikati. Fanya hivyohivyo Kivu, ukiwa na mvuvi kwenye mtumbwi wake. Andika upande wa kushoto: tarehe, saa, jua au mawingu, jina la aliyeshika kamba, mafundo mangapi. Rudi mwezi ujao, siku ileile, sahani ileile.